UZI: Mwanafunzi akichelewa kushika, tatizo ni akili, kumbukumbu au kujifunza? Tusiyachanganye

Tafakuri (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naomba tulijadili hili kwa kina, maana linaumiza watu wengi kimyakimya. Mwanafunzi akichelewa kushika somo, hukumu inatoka papo hapo: hana akili. Akisahau maelekezo aliyopewa muda mfupi uliopita: hana akili. Leo kajifunza vizuri, wiki ijayo hakumbuki: hana akili. Hayo ni mambo tofauti, yanapimwa kwa njia tofauti, na yanaweza kuharibika moja moja huku mengine yakibaki salama.

Nianze na kisa ambacho kwangu ndicho ushahidi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1953 nchini Marekani, kijana aliyeitwa Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa kikali. Daktari William Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo Molaison hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Anaongea na mtu, mtu anatoka nje, akirudi baada ya dakika chache anampokea kama mgeni.

Mwaka 1955 alipimwa IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, akapata 112. Wastani ni 100. Yaani mtu asiyeweza kukumbuka alichoambiwa asubuhi alikuwa na akili juu ya wastani! Na ukimsomea tarakimu kadhaa akurudishie palepale, alizirudisha kama mtu mwingine yeyote. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono ulizidi kuwa hodari, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kuwa amewahi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo hata kujifunza kwenyewe si kitu kimoja. Mkono ulijifunza, mwenye mkono hana habari.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1970 Tim Shallice na Elizabeth Warrington wa Uingereza walieleza habari za mgonjwa waliyemwita K.F. Huyu ukimsomea tarakimu, zikizidi mbili hivi anapotea. Lakini kujifunza orodha ya maneno na kuikumbuka baadaye aliweza vizuri. Ni kinyume kabisa cha Molaison: cha papo kwa papo kimevunjika, cha muda mrefu kizima.

Kwa wasiolifahamu vizuri jambo lenyewe: kumbukumbu tendaji ni ule uwezo wa kushikilia vitu vichache akilini huku ukivifanyia kazi. Zidisha 47 kwa 6 bila kalamu. Unapata 240, unaishikilia, unatafuta 42, unarudi kujumlisha, unapata 282. Ile "unaishikilia huku ukitafuta" ndiyo yenyewe. Maelezo yake maarufu yalitolewa na Alan Baddeley na Graham Hitch mwaka 1974. Walisema kuna sehemu inayoshika sauti, sehemu inayoshika picha na mahali vitu vilipo, na msimamizi anayegawa umakini. Nafasi yenyewe ni finyu mno. George Miller mwaka 1956 alizungumzia vitu 7, kuzidi au kupungua viwili. Nelson Cowan mwaka 2001 akaonyesha kwamba ukimzuia mtu asijirudierudie kimoyomoyo, zinabaki kama 4 tu.

Swali langu kwenu: hiyo nafasi finyu ndiyo akili yenyewe? Wapo watafiti waliokaribia kusema ndiyo. Kyllonen na Christal mwaka 1990 walipima watu kwa kazi nyingi, wakakuta uhusiano kati ya kumbukumbu tendaji na uwezo wa kufikiri unazidi 0.8, kwenye kipimo ambacho 1 ni kufanana kabisa. Mwaka 2005 Ackerman na wenzake wakakusanya tafiti nyingi wakapata wastani wa karibu 0.48. Mwaka huohuo Kane na wenzake wakachambua upya kwa njia nyingine, ikawa 0.72. Tofauti hiyo inatokana na namna ya kupima: kazi moja peke yake ina makosa mengi ya upimaji, kazi kadhaa zikiunganishwa makosa yanapungua. Na hata tukishika hiyo 0.72, ukiizidisha kwa yenyewe unapata karibu nusu. Yaani nusu ya tofauti za watu katika kufikiri inaendana na kumbukumbu tendaji, nusu nyingine inatoka kwingine. Ni ndugu wa karibu, lakini kila mmoja ana nyumba yake.

Karibuni.

MwalimuHesabu

Mkuu Tafakuri, umegusa penyewe. Nafundisha hisabati na hili naliona kila wiki. Ukisema "fungueni ukurasa wa 40, chora jedwali, fanya swali la 3 na la 5, halafu linganisha majibu na ya jana", kuna mwanafunzi atafungua ukurasa kisha akae. Ukimwangalia haraka utasema mzembe. Ukimpa maelekezo mojamoja, anafanya yote na anapatia.

Susan Gathercole na Tracy Alloway wa Uingereza wamewaandika wanafunzi hawa vizuri sana. Walipowauliza walimu, wengi waliwaeleza watoto hao kuwa hawasikilizi au wanaota mchana. Karibu hakuna aliyesema "kumbukumbu yake ni ndogo". Mtoto hajakataa kusikiliza. Alisikiliza, vikajaa, hatua ya tatu ikamwangusha ya kwanza.

Na utafiti wa Alloway wa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto tangu miaka 5 kwa miaka sita. Kumbukumbu tendaji ya utotoni ilitabiri maendeleo yao ya kusoma na hesabu vizuri zaidi kuliko IQ. Kwa hiyo huwezi kulipuuza, lakini pia huwezi kuliita akili.

Zumari

Nakubali nusu. Visa vya wagonjwa vinavutia, ila watu wengi hatujakatwa ubongo. Kwa mtu wa kawaida, ukiondoa uwezo wa kujifunza, hiyo akili inabaki na nini? Mimi naona mwenye akili ni yule anayejifunza haraka, basi. Molaison alikuwa na 112 kwa sababu mtihani wa IQ unapima ulichojua tayari na unachoweza kufikiri ndani ya dakika chache. Ungempa lugha mpya ndani ya mwaka mzima angepata sifuri. Sasa hiyo ni akili gani?

Tafakuri

Zumari, hoja yako ni ya zamani na ni ya heshima, wakubwa wengi wa fani hii waliishikilia. Ila ilipopimwa ilileta taabu. Herbert Woodrow mwaka 1946 aliangalia watu wanavyoongezeka wakifanya mazoezi ya kazi mbalimbali. Alikuta anayeongezeka haraka kwenye kazi moja si lazima aongezeke haraka kwenye nyingine, na kuongezeka kwenyewe hakukuwa na uhusiano wa maana na alama za akili. Kukawa hakuna kitu kimoja cha kuitwa "uwezo wa kujifunza".

Kwa haki, njia yake ina udhaifu. Aliyeanza juu hana pa kupanda, na ukitoa alama ya mwanzo kwenye ya mwisho, makosa ya vipimo vyote viwili yanajikusanya hapohapo. Watafiti wa baadaye walitumia kazi ngumu zaidi, za kuunganisha vitu vitatu vitatu kwa mfano, na wakaona uhusiano na akili unajitokeza. Kaufman na wenzake mwaka 2009 walionyesha kwamba kujifunza kwa kuunganisha vitu kunachangia kuieleza akili hata baada ya kuondoa mchango wa kumbukumbu tendaji na wa kasi ya kuchakata taarifa. Hapo nakupa pointi yako: kujifunza kumo ndani ya akili, na kumo kwa mlango wake, si kwa kupitia kumbukumbu tendaji peke yake.

Lakini haraka? Hilo la haraka ndilo ninalolipinga. Mwaka 2023 Kenneth Koedinger na wenzake walichambua majibu zaidi ya milioni moja ya wanafunzi waliokuwa wakijifunza kwa programu za kompyuta, seti 27 za takwimu, kuanzia shule za msingi hadi vyuo, masomo ya hesabu, sayansi na lugha. Wanafunzi walitofautiana sana pale walipoanzia. Ila kasi ya kupanda, zoezi kwa zoezi, ilikaribiana kwa namna iliyowashangaza watafiti wenyewe. Mwanafunzi wa kawaida alianza na usahihi wa karibu 65%, akahitaji kama mazoezi 7 ya kipengele kimoja kufika 80%.

Fikirieni maana yake darasani. Unamwona mmoja amefika, mwingine bado, unasema huyu mwepesi huyu mzito. Kumbe wamepanda kwa mwendo unaokaribiana, mmoja alianza ngazi za juu.

Zumari

Utafiti huo naufahamu, na kuna kitu umekiruka. Zile programu zinamwonyesha mwanafunzi kosa palepale, zinampa kidokezo, zinamrudisha. Hayo ni mazingira mazuri sana ya kujifunzia. Mwanafunzi anayesikiliza mhadhara wa saa mbili bila kuulizwa swali hata moja hayamo humo. Hapo mwenye nafasi kubwa ya kushikilia mambo atapanda, mwenye ndogo atabaki chini. Tena hiyo tofauti ya mwanzo ilitoka wapi kama si kwenye akili?

Tafakuri

Sehemu ya kwanza nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo inayonipa moyo kuliko zote: mazingira yakiwa mazuri, tofauti ya mwendo inapungua. Maana yake pengo tunalolilaumu kwenye vichwa, sehemu yake iko kwenye ufundishaji.

Ya pili: tofauti ya mwanzo ina akili ndani yake, ina vitabu vya nyumbani, ina mwalimu wa mwaka jana, ina afya. Utafiti ule haukuvitenganisha na mimi sitavitenganisha kwa kukisia.

BintiAmani

Nafuatilia uzi huu kwa hamu maana nafundisha lugha. Naomba kuongeza mgonjwa mwingine, alikuwa Italia, anajulikana kama P.V. Kama yule K.F., alishindwa kushikilia sauti kwa muda mfupi. Mwaka 1988 Baddeley, Papagno na Vallar walimpa jozi za maneno ya Kiitaliano azikariri. Akajifunza kama wenzake. Wakampa neno la Kiitaliano likiwa na mwenzake wa Kirusi, kwa kusikia tu. Akashindwa kabisa, wakati wenzake walizipata.

Kwa mtu wa lugha hii ni habari kubwa. Neno geni kabisa halina pa kujishikiza, ni mlio mtupu, kwa hiyo lazima ile sehemu ya sauti ilishikilie mpaka lizame. Maneno unayoyajua tayari yana maana, yanashikana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi mmoja anaweza kuwa wa mwisho mwezi wa kwanza wa lugha mpya na wa kwanza mwaka wa pili. Msamiati ukikua, maneno mapya yanapata ndugu, utegemezi wa sauti tupu unapungua. Nawasihi walimu wa lugha wasiwakatishe watu tamaa mwezi wa kwanza.

NjiaPanda

Wakuu, swali la moja kwa moja. Kama kumbukumbu tendaji inaendana na akili kwa kiasi hicho, kwa nini tusiifanyie mazoezi tu? Simu zimejaa michezo ya kukuza ubongo. Inasaidia au haisaidii?

Tafakuri

NjiaPanda, swali zuri, na jibu lake limepitia milima na mabonde.

Mwaka 2008 Susanne Jaeggi na wenzake walitoa utafiti uliotikisa fani. Watu walifanya mazoezi ya mchezo mgumu: unaona mraba ukihama kwenye skrini huku unasikia herufi, na kila mara unasema kama mahali au herufi hii ni ileile ya hatua mbili au tatu nyuma. Baada ya siku kadhaa alama zao za kufikiri zilipanda. Watu wakafurahi sana, na biashara nazo zikaja mbio.

Kisha wengine wakarudia kwa uangalifu zaidi. Redick na wenzake mwaka 2013 waliweka kundi la pili lililofanya mazoezi mengine yenye kuchosha vilevile, ili matarajio yawe sawa. Washiriki waliboreka kwenye mchezo wenyewe, akili ikabaki palepale. Mwaka 2016 Melby-Lervåg, Redick na Hulme wakakusanya tafiti nyingi pamoja: unakuwa hodari wa ulichokifanyia mazoezi na vinavyofanana nacho sana, lakini faida haivuki kwenda kwenye kufikiri, kusoma au hesabu. Mimi nasema wazi: usitoe pesa yako huko.

Sababu yake inaonekana kwenye kisa cha mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, anayejulikana kwa herufi S.F. Ericsson, Chase na Faloon waliandika habari zake mwaka 1980. Alianza akikumbuka tarakimu 7 kama sisi sote. Kwa mazoezi ya zaidi ya saa 200, ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, akafika tarakimu 79. Sabini na tisa, zinasomwa mara moja tu! Alikuwa mkimbiaji, kwa hiyo tarakimu 3492 kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda mzuri wa maili moja. Aligeuza namba kuwa mafungu yenye maana, akayapanga kwa ngazi. Halafu wakampa herufi badala ya namba. Akarudi kwenye 6.

Nafasi haikukua hata kidogo. Kilichokua ni maarifa, na maarifa yakafanya fungu moja libebe vitu vingi. Chase na Simon walishaliona hili kwenye chesi mwaka 1973: bingwa anaangalia mchezo halisi sekunde 5 na kurudisha sehemu yake kubwa, ukizipanga kete ovyo, ubingwa wake karibu wote unatoweka.

MwalimuHesabu

Hapo kwa S.F. ndipo penye dawa ya darasani. Mtoto asiyejua 7 mara 8 kwa moyo anatumia nafasi yake yote kuitafuta, na swali zima la aljebra linamponyoka. Anayeijua haitafuti, inakuja yenyewe, nafasi inabaki kwa ajili ya kufikiri. Kuna watu wanaidharau kazi ya kukariri majedwali, wanasema inaua ubunifu. Siwaelewi. Ukikariri kilicho cha msingi unaachia nafasi ya kubuni, na mwanafunzi mwenye nafasi ndogo ndiye anayefaidika kuliko wote.

MamaWawili

Asanteni sana walimu. Mimi si mtaalamu, ni mzazi tu. Mwanangu mkubwa anasoma kurasa zilezile mara nne, nikimuuliza kesho yake hana kitu, na ameanza kujiita mjinga. Inaniuma. Nifanye nini cha kweli, nyumbani?

Tafakuri

Pole mama, na usikubali hilo neno likae. Tazama kwanza namna anavyosoma kabla ya kutazama kichwa chake. Roediger na Karpicke mwaka 2006 waligawa wanafunzi makundi. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kukiandika kutoka kichwani bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka 40%, waliojijaribu 61%.

Mwanao anafanya ile njia inayodanganya. Kurasa zinazoeleka machoni, anahisi anajua. Afunge kitabu, akueleze wewe kwa maneno yake, afungue aone alichosahau, arudie tena baada ya siku moja, kisha siku kadhaa. Itamchosha zaidi na atahisi anajua kidogo. Avumilie hiyo hisia.

Kuhusu IQ, kama kuna mtu amekutisha nayo: Alfred Binet, aliyetengeneza kipimo cha kwanza na Théodore Simon huko Ufaransa mwaka 1905, alikitengeneza ili watoto wanaohitaji msaada wajulikane wasaidiwe, na alipinga waziwazi kuwa akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika. Takwimu zimemuunga mkono. Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob mwaka 2018 walikusanya data za watu zaidi ya 600,000 wakakuta kila mwaka wa ziada wa shule unaongeza kati ya pointi 1 na 5 za IQ.

MwalimuHesabu

MamaWawili, mimi naongeza mambo mawili ya vitendo. Akikwama kwenye hesabu, usimpe maswali kumi mapya. Mpe swali lililokwisha kufanywa hatua kwa hatua, alisome, akueleze kwa nini kila hatua imefuata, ndipo umpe linalofanana nalo alifanye mwenyewe. John Sweller wa Australia alionyesha hili tangu miaka ya 1980: anayeanza akiachwa atafute njia peke yake, nafasi yote inaishia kwenye kutafuta na hakuna inayobaki ya kujifunza. Akishakuwa hodari, ondoa mifano, maana kwake inageuka mzigo.

La pili ni hilo la kujiita mjinga. Ashcraft na Kirk mwaka 2001 walipima watu wenye hofu kubwa ya hesabu. Kumbukumbu tendaji yao ilipungua hasa pale kazi ilipohusu namba, na waliteleza kwenye kujumlisha kwa kubeba huku wakishikilia kitu kingine akilini. Hofu inakaa ndani ya ile nafasi finyu na kuitumia. Kwa hiyo mtoto anayejiambia "mimi mjinga" katikati ya swali anafanya swali hilo kwa sehemu tu ya uwezo wake, kisha matokeo yanamthibitishia.

MamaWawili

Hii ya mwisho imeniingia. Ndivyo anavyofanya, anaanza vizuri, akikosea hatua moja anaganda. Je, nikimruhusu aandike kila kitu pembeni badala ya kufanya kichwani, si namlemaza?

MwalimuHesabu

Humlemazi hata kidogo mama. Kilichoandikwa hakihitaji kushikiliwa. Aandike hatua zote, hata zile ndogo, na mwache aandike mpaka mwenyewe aanze kuruka baadhi kwa sababu anazijua. Akianza kuruka bila kukosea, hapo utajua zimeshazama.

BintiAmani

Na akiganda, msomee swali kwa sauti taratibu, kipande kwa kipande, halafu mwambie akuambie kipande cha kwanza tu kinataka nini. Darasani kwangu hili linawafungua wengi, hasa wale wa maswali marefu ya maneno.